Usimwitikie

Siku Mapengo aliporudi darasani baada ya homa, hakukosea hata herufi moja, na hilo ndilo lililomtia Chiriku wasiwasi. Walikuwa wakijifunza kuandika programu za kompyuta wawili wawili: mmoja anaandika, mwenzake anaangalia na kumkosoa. Mapengo alikuwa mzito wa kushika mambo ila mwepesi wa kucheka, na Chiriku, msichana aliyeitwa hivyo kwa kutofunga mdomo, alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

"We, homa imekufungua akili?" alimtania.

Hakucheka. Alinuka nywele zilizoungua.

Zamu ya kuandika ilipomfikia Chiriku, Mapengo akaanza kumtajia makosa kabla hajayafanya. "Utasahau mabano," alinong'ona. Kweli akayasahau. "Sasa unataka kukimbia," ilisema sauti, na Chiriku alipogeuka akaona midomo ya mwenzake imefumbwa, macho hayapepesi, na sauti ile nzito ya mtu mzima ikimtoka chini ya koo, ikisema taratibu kama inayobembeleza mtoto, "Nipishe humo ndani mwako, huyu amenichosha."

Alikimbia hadi kwa mama yake Mapengo.

"Hata huku nyumbani hali chakula, halali usingizi, mwanangu," mama alisema, akilia.

Wakamwita mganga, mama mmoja mpole. "Nikilitoa jini hili litatafuta pa kuhamia," aliwaonya. "Likimwita mtu, asiitike. Atakayeitika ndiye."

Mchana ule, mlango umefungwa, mganga alisoma dua zake huku Mapengo akijipinda mkekani. Sauti ikamwita mama yake Mapengo. Chiriku akamziba mdomo. Kisha ikamgeukia yeye, safari hii kwa sauti ya Mapengo mwenyewe, ile yenye kithembe, ikimlilia kwamba hapumui, kwamba kuna giza, kwamba aitike mara moja tu ajue hayuko peke yake, na Chiriku akauma midomo mpaka akaonja damu, asiitike, hadi kilio kikakatika, akagundua ile harufu ilikwisha kutoweka.

Jioni Mapengo alifumbua macho. Chiriku akamnywesha maji.

"Limetoka," alimwambia.

"Najua. Lilitoka mapema." Mapengo aliyasukuma maji kando. "Yule aliyekuita mwisho, dada, alikuwa mimi."