Binti Asiyesumbua

Ndugu zangu, asubuhi ile mngeionea wivu nyumba hii. Mama, fundi cherehani, alikuwa barazani akishona. Kijana wake wa miaka kumi na saba alikuwa amejikalia kimya. Mdogo wake, binti waliyemwita Kipole, alikuwa akipiga pasi sare yake. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Kaka mtu alikuwa akiugua akili kwa muda mrefu. Hapo awali alisikia sauti zikimtisha, akapiga kelele na kuvunja vyombo. Kliniki ilimpa dawa zikamsaidia. Kisha wazazi wakagundua kuwa Kipole akimshika mkono na kupanga naye vifungo vya nguo, kaka hutulia. Basi, kliniki ikasahaulika, na dawa pia.

"Ya nini kupanga foleni, na daktari tunaye ndani?" baba alitania. Wakacheka wote, isipokuwa daktari mwenyewe.

Kipole hakuulizwa kama amelala, wala kama anaogopa. Naye aliogopa sana, jamani, kila siku.

Alikuwa katikati ya mtihani mama alipotokea mlangoni akihema, kiatu mguu mmoja.

"Mwanangu, twende! Kaka yako kajifungia na mkasi wangu!"

"Mama, yamebaki maswali kumi tu."

"Maswali na kaka yako, kipi?"

"Ukitoka hurudi," msimamizi alimwonya.

Akatoka, wakakimbia hadi nyumbani, akagonga mlango wa chumba. "Kaka, ni mimi," alisema, na mlango ukafunguliwa. Mama akamshukuru Mungu, akaokota mkasi, akarudi kwenye kazi za watu. Hakuna aliyeuliza habari za mtihani.

Kipole alifeli. Akaacha kula vizuri, akaacha kuongea. Wazazi wakasema ameshika adabu. Miezi ikapita, kaka akazidiwa, hata Kipole asiweze kumtuliza, akampiga akamvunja mkono. Ndipo majirani wakampeleka kijana hospitali. Akatibiwa, akarudi ametulia, akimwulizia mdogo wake.

Kipole alikuwa kitandani, uso ukutani, sasa siku ya tisa haamki.

"Amka, mwanangu, kaka yako anaendelea vizuri!" mama alimwambia.

"Na mimi atanipeleka nani?"

Mama akarudi barazani kushona. Hata leo binti yule hajarudi darasani, na sauti yake tunaisikia kwa nadra.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mgonjwa wa akili apelekwe kwa waganga wa hospitali, na dawa zake zisikatizwe. Ndugu yake si tiba. Huyo mnayemsifu kwamba hasumbui, kaeni naye leo, mumwulize hali yake, na mngoje mpaka ajibu.