Baba Aliyetaja Jina

"Tai, takwimu za vifo vya watoto zimepanda ghafla mbugani. Mtafute anayezipandisha."

"Nimepokea," alijibu Dorkas Mrutu, akaizima redio ya Motorola na kukanyaga mafuta.

Land Cruiser ilichana vumbi. Nyuma yake milima ya Upare ilikuwa imejifunika mawingu. Mbele, mbuga ya magharibi mwa Same ilikuwa kavu na kimya mno. Kimya kile hakukipenda hata kidogo.

Kikazi alikuwa jasusi. Leo alikuwa muuguzi: gauni jeupe, raba, na Glock 19 ndani ya mkoba wa chanjo.

Mambo yalikuwa hivi. Fedha za dawa hugawanywa kwa kiwango cha vifo; wanakokufa watoto wengi ndiko zinakopelekwa kwanza. Utaratibu mzuri, mpaka atokee mtu mwenye roho ya fisi. Fisi huyo aliitwa Rodgers, mfanyabiashara mwenye pasipoti nyingi kuliko ndugu. Sindano zake za homa zilikuwa zimeharibikia ghalani, na zingeweza kumuua mtoto pale pale. Ili Serikali izinunue haraka, alihitaji vifo tu. Kamati kutoka Dodoma ilikuwa inakuja kuvithibitisha. Ikiridhika, kesho watoto wangepanga foleni kuchomwa sindano hizo.

Dorkas alimtazama mkalimani wake, Simaloi, mama wa makamo kutoka boma la mbali kidogo.

"Mama, hivi kweli watoto wamekufa kule tuendako?"

"Hayo hatuyasemi."

"Hamyasemi, au mmekatazwa?"

Simaloi aligeukia dirishani. Amenunuliwa huyu, Dorkas aliwaza. Kwao Dorkas, milimani, marehemu hutangazwa kanisani kwa majina yote matatu, kisha majina hayo huchorwa msalabani. Mtu anayeficha kifo ana lake jambo.

Alikosea, na nusura kosa hilo limponze.

Boma lilikuwa limehamwa. Hapakuwa na ng'ombe wala moshi. Chini ya miiba vilijipanga vilima vidogo vya mawe kama makaburi, na mbele yake alisimama Daktari Hezroni, mwenyekiti wa kamati, suti yake imejaa vumbi. Rodgers alikuwa pembeni, miwani ya Ray-Ban usoni, mkono mfukoni.

Mwanamume mwenye shuka jekundu alijitupa juu ya kilima kimoja.

"Nasha! Nasha mwanangu! Umeniachia nani, Nasha?"

Daktari alivua kofia. Machozi yalimlengalenga. Akatoa kalamu.

Dorkas akahisi mtu anamkamata mkono. Ni Simaloi. Alikuwa ameziba sikio kwa shuka lake.

"Anamwita," alinong'ona. "Anamwita kwa jina!"

"Sasa kuna ubaya gani?"

"Kwetu mtu akiondoka duniani, jina lake halitamkwi tena. Hata mama yake halitamki. Huyu ni baba wa wapi?"

Dorkas alielewa. Kumbe ndivyo. Mama huyu hakununuliwa na mtu.

"Daktari, weka kalamu chini!"

"Wewe muuguzi, nani kakupa ruhusa ya..."

"Huyo si baba wa mtu. Ondoeni mawe!"

Mkono wa Rodgers ulitoka mfukoni na bastola.

Pa!

Risasi ilipasua mkoba wa chanjo. Dorkas alikuwa ameshalala chini, Glock mkononi. Alifyatua mara moja. Bastola ya Rodgers iliruka, naye akapiga yowe na kukimbilia gari lake. Hakufika mbali. Risasi ya pili ililaza tairi, gari likayumba na kujipachika kwenye miiba.

Pingu zikalia.

Yule "baba" alikuwa amepiga magoti, shuka limemvuka, jezi ya mpira ikaonekana ndani.

"Dada yangu, nihurumie! Naitwa Anold. Mimi ni mchekeshaji wa harusi tu!"

"Leo umechekesha kweli," Dorkas alimwambia.

Waliondoa mawe. Chini yake palikuwa na udongo mgumu ambao jembe halijawahi kuugusa.

Daktari alishusha pumzi. "Mungu mkubwa! Basi hakuna vifo huku. Wataalamu wetu wamekuwa wakiuliza miaka yote, hakuna anayetaja hata mmoja. Naandika sufuri. Fedha zitabaki milimani, na zahanati ya huku tutaifunga."

Sufuri.

Dorkas alimgeukia Simaloi. Mama yule alikuwa anatazama miguu yake, midomo ameibana. Aibu ilimchoma Dorkas kifuani. Alikuwa amekamata fisi mmoja, na kwa ushindi huo huo alikuwa anawanyima watoto wa huku dawa ya kweli.

Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, nilikudhania vibaya. Nisamehe. Sikuulizi watoto walioondoka, na sitakuuliza kamwe. Nitajie walio hai."

Simaloi aliinua macho.

"Leshan," alisema. Kisha, "Sinyati."

Akaishia hapo. Upepo ulipita kwenye miiba.

"Na umezaa mara ngapi?"

Simaloi aliinua vidole vya mkono mmoja, vyote. Halafu akaongeza viwili vya mkono wa pili, akaviacha hewani.

Kofia ya daktari ilimponyoka. Safari hii machozi yake hayakulengalenga, yalishuka.

"Unajua hesabu ya kutoa, Daktari?" Dorkas aliuliza.

"Najua."

"Basi nenda boma kwa boma na mama huyu, ukatoe. Ole wako uulize jina la marehemu."

Motorola ilikoroma. "Tai, hali?"

"Fisi yuko kwenye pingu. Makaburi ya mawe yalikuwa ya uongo."

"Safi. Kwa hiyo mbugani hakuna vifo?"

"Vipo. Tulikuwa tunauliza vibaya. Mwisho."

Alimsukumia Rodgers garini, akafuta vumbi kwenye gauni na kuwasha injini.

Alipopita boma la pili alimwona daktari, aliyekuwa ametangulia na Simaloi, amechuchumaa kwenye vumbi na suti yake, mbele ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," alikuwa anasema. "Nitajie walio hai."

Dorkas alibadilisha gia, hakusimama.