Papa Katika Chungu cha Ghada

Kila Jumamosi asubuhi Thuraya hufagia ua, huwatupia kuku punje, kisha huenda kwenye chama cha Marafiki wa Wanyama mtaani Mkomani. Hapo watoto hujifunza kupika vyakula visivyo na nyama wala samaki. Huelezwa pia jinsi kuku wa mashamba makubwa wanavyobanwa vizimbani hata wasiweze kutanua mbawa.

Jumamosi hiyo wazazi walialikwa chakula cha mchana. Bi Kulthum, kiongozi wa chama, alimchagua Ghada apike mbaazi za nazi. Thuraya akapewa kuosha vyombo. Lo! Wivu ukampanda.

"Ghada, Ghada, kila siku Ghada! Kwani mimi sijui kukuna nazi?" alinung'unika.

Ghada alipokwenda kuteka maji, Thuraya alichomoka hadi kwao, nyumba ya pili, akarudi na kipande cha papa mkavu. Akakifikicha chunguni. Papa, jamani, ambaye harufu yake hufika sebuleni kabla ya mpishi!

Bi Kulthum alifunua chungu, akarudi nyuma. "Ghada! Wazazi wamefika mlangoni, nasi tumewaahidi hapaliwi samaki. Umeniaibisha."

"Wallahi, Bi, si mimi!" Ghada akaangua kilio.

Thuraya alifurahi moyoni, tena sana. Bi Kulthum akamgeukia. "Haya, Thuraya, utapika wewe."

Mbio Thuraya akamwendea, akaushika mkono wake na kuubusu kwa shukrani, kama alivyofundishwa kwao. Bi Kulthum akautazama mkono ule. Akaunusa.

"Mbona sasa mkono wangu wanuka papa?"

Thuraya akaficha mikono nyuma. "Ni mimi, Bi. Nilimwonea Ghada kijicho. Ghada, nisamehe."

Ghada alifuta machozi, akaitikia kwa kichwa. Kwa bahati mbaazi zilizochemshwa zilikuwa zimesalia. Zile za papa wakapewa paka wa mtaani. Ghada akapika upya, Thuraya akamkunia nazi, na wazazi wakala hadi wakaomba nyongeza.

Baadaye Bi Kulthum alimketisha Thuraya kando. "Mwanangu, hasidi hana sababu. Wamlilia kuku aliyebanwa kizimbani, nawe hujapata kumwona. Kisha wamliza mwenzako mnayeketi naye jamvi moja? Huruma huanza na aliye karibu."