Nakala Iliyolala Tinde

Donatus hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na mjomba serikalini, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Alikuwa na programu aliyoitunga mwenyewe ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na zahanati kadhaa kuanzia Segese hadi Bugarama ziliitumia bure, kwa kuwa aliiacha wazi, kila mtu aisome na kuirekebisha.

Kila Jumamosi alipanda basi na diski yenye nakala ya kumbukumbu hizo, akaipeleka Tinde kwa mchumba wake Vumilia, fundi cherehani. Zahanati ikiungua, nakala ipone. Vumilia aliivingirisha kwenye khanga, akaifungia kabatini, kisha wakala pamoja michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Halafu shirika moja linalofadhili programu huria likampa Donatus fedha za mwaka mzima. Akalipia hifadhi ya mtandaoni, nakala zikawa zinakwenda zenyewe. Safari za Tinde zikakoma.

Wiki ya saba, akiwa zahanati ya Segese, simu yake iliita.

— Donatus, diski yako uje uichukue.

— Itupe tu, Vumi. Siku hizi sihangaiki tena na mabasi.

— Kumbe ulikuwa unahangaika.

— Sikusema hivyo.

— Umesema sasa hivi. Jumamosi saba nachemsha michembe, naila peke yangu kama mchawi.

— Mbona hukupiga?

— Nipige niseme nini? Nimeikumbuka diski?

Donatus akakaa kwenye ngazi ya zahanati.

— Nilikuwa nafanya kazi ili nisije kwenu mikono mitupu. Baba yako ataniuliza ng'ombe.

— Baba ameniuliza kama yule kijana wa diski amekufa. Juzi Marcel wa vipuri ameleta mshenga. Jibu linatakiwa Jumapili.

— Unamtaka?

— Nilimtaka mtu wa Jumamosi.

— Vumi, ile diski ningeweza kuiacha Kahama kwa shangazi, kwa nusu ya nauli. Nilikuwa nakuja kukuona wewe.



— Hayo ulimwambia nani?

— Sikumwambia mtu.

— Basi andika. Baba hapokei posa ya simu.

Donatus alichana karatasi tatu. Ya nne ilisema: "Mzee Stanslaus, shikamoo. Nampenda binti yako Vumilia, nami nimechelewa kusema. Naomba kumuoa. Mahari tutakayokubaliana nitaitafuta."

Akaikunja, akailamba bahasha na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Asubuhi ya Ijumaa akamkabidhi mshenga wake, Mzee Enock, kwenye mlango wa basi la Tinde.