Herufi Kwenye Jiwe la Mlangoni

Enyi wanadamu wenye masikio! Tulieni, vueni kofia, nyamazisheni simu zenu. Nawaletea kisa cha mapenzi mazito yaliyotikisa misingi ya nyumba nzima. Kusema kweli misingi ilitikiswa na bomba la majitaka lililopasuka chini ya ua, lakini mapenzi yalifuata nyuma yake.

Walikutana ofisi ya idara ya maji, mbele ya dirisha la malalamiko, saa nne asubuhi. Foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani. Dada mmoja mshonaji alikuwa amesimama na karatasi yake ya namba sitini na tatu, gauni la njano la mikono ya puto, kiuno kimekaa sawasawa, viatu vimejaa tope. Mbele yake alisimama kijana mrefu, buti zake nyeupe kwa saruji iliyokauka, kipande cha chaki nyuma ya sikio.

"Kaka, na wewe umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kuwasikiliza wanaolalamika."

"Basi sikiliza. Wamechimba ua wetu, wameziba bomba, wakaenda zao. Wiki ya tatu hii tunaruka shimo kama vyura. Eti kuna watu wa kurudishia! Nikimpata huyo msimamizi wao, namfukia humo humo."

"Atafurahi. Kufukia ndiyo kazi yake."

"Kwani unamjua?"

"Namwona kila asubuhi nikinyoa ndevu."

Mshonaji akatazama kitambulisho kifuani kwake, akajifunika uso kwa namba sitini na tatu. "Jamani, ardhi ipasuke!"

"Imeshapasuka, dada. Kesho nakuja kuiziba."

Na kweli akaja, na kikosi chake. Kwanza alipiga picha kila kitu kwa simu, kisha akaandika kwa chaki. Jiwe lililoandikwa R maana yake *rudisha*: linasogezwa kando, kazi ikiisha linarudi mahali pake. Lililoandikwa B maana yake *beba*: linapanda lori kwenda jalalani. Herufi hizo wenyewe wanazijua. Wenye nyumba hawaambiwi.

Mlangoni palikuwa na jiwe la saruji ambalo marehemu baba alilimwaga kwa mikono yake siku walipohamia. Saruji ikiwa mbichi alikanyaga yeye, kisha akamshika mkono mkewe naye akanyage. Nyayo mbili zikabaki, bega kwa bega. Mama mtu alilifagia kila asubuhi, la mwisho, polepole.

"Kijana," alimwambia msimamizi, "vyote hapa unaweza kuharibu ukaleta vingine. Hilo huna pa kulitoa."

"Nimekusikia, mama." Akaandika R kubwa, yeye mwenyewe.

Jioni zile simu ya mshonaji haikupumzika.

"Mpenzi, shimo la mbele limejaa, lakini mimi bado nimezama."

"Panda ngazi."

"Huna huruma?"

"Huruma ninayo. Ngazi ndiyo sina."

"Basi kesho nakuja na ngazi, na wazee wangu wameishika."

"Wee! Usinichezee, nina sindano mkononi."

Nyumbani alikuwapo pia mdogo wake mshonaji, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Binti mpole, mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano. Hahusiki. Tumwache na vitabu vyake.

Alhamisi msimamizi alikuwa mtaa mwingine. Vibarua wakaja na lori, wakasoma chaki, wakapakia. Mama aliporudi kutoka kupima presha, mlangoni palikuwa na udongo mtupu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisubiri msimamizi afike mbio, jasho likimtoka, akamwambia kwa sauti ndogo: "Mume wangu nilimzika mara moja. Wewe umemzika mara ya pili, tena jalalani. Usikanyage hapa tena."

Msimamizi alifungua simu yake, akatazama picha ambazo vibarua walimtumia asubuhi kabla ya kupakia, akaivuta moja kwa vidole ikawa kubwa. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaizima.

Usiku ulipoingia mshonaji alimpigia. "Niambie ilikuwaje."

"Kosa la kikosi ni kosa langu."

"Hilo tu? Mama hali chakula, wewe unanipa lugha ya ofisini?"

"Mpenzi, sina lingine la kusema."

"Jiwe la baba umeshindwa kulitunza, mimi utaniweza?" Akakata.

Siku zilizofuata nyumba ilibana pumzi. Mshonaji alishonea mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo. Fomu ya idara, ya kukiri kwamba ua umerudishwa kama ulivyokuwa, ilikaa mezani bila sahihi ya mama. Bila sahihi hiyo, msimamizi angehamishiwa mji wa mbali Jumatatu. Kila simu ilipolia, dada mtu aliruka. Kila alipoona si yeye, alikaa chini taratibu kama mgonjwa.

Jumapili mchana mkokoteni ukasimama nje. Msimamizi, vidole vimefungwa plasta, alikuwa amefukua lile jalala siku tatu. Juu ya gunia palikuwa na nusu ya jiwe, lenye unyayo wa baba. Nusu ya mama haikuonekana.

"Umekuja kunionyesha vipande vyake?" mama akauliza. "Niliomba uangalizi mdogo tu. Mtu mzembe hivi simpi mwanangu."

Msimamizi akainamisha kichwa. Mshonaji akaanza kulia. Na hapo sauti ikatoka nyuma ya mlango:

"Si mzembe! Aliandika R! Niliiona kabla sija..."

Mama akausukuma mlango.

"Kabla hujafanya nini?" mama akauliza.

Ndugu msomaji, sauti ile ni yangu. Mdogo mtu ni mimi. Usiku wa kuamkia Alhamisi nilitaka kuandika BIBI HARUSI, dada akitoka asubuhi alikanyage jina lake jipya. R inageuka B kwa mstari mmoja tu. Nikasikia kikohozi cha mama, nikafuta maneno kwa kisigino, nikakimbia. Herufi ya kwanza ikabaki.

Mama akamgeukia msimamizi. "Ulijua?"

"Kwenye picha, maneno yaliyofutwa yanasomeka bado."

"Ukanyamaza, nikakufukuza kama mbwa?"

"Mama, mimi ningeondoka. Yeye angebaki humu ndani, unamtazama kila siku."

Mama aliketi karibu na mkokoteni, akaweka kiganja juu ya unyayo wa baba. "Yeye amepatikana," alisema. "Mimi mguu wangu ninao. Changanya saruji." Kisha akavua kiatu, na bila kumtazama yeyote akaongeza: "Na wazee wako wapite mlango huu. Ila ikikauka kwanza."

"Sikia huyo!" dada akasema, akicheka na kulia. "Nani kasema nimekubali?"

"Hujakubali?" msimamizi akauliza, uso umemshuka.

"Nimekubali, lakini niulizwe!"

Mimi sikupigwa. Mama aliniita chumbani, akaniuliza swali moja: "Siku zote nne, ukiniona silali, ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa naogopa. Nilimwambia hivyo, na sikuwa na maneno makubwa ya kuongeza.