Chumvi Ukutani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, sisi skauti wa kike wa San Gabino tulisugua sakafu ya Makao Makuu yetu ya Mkoa kwa makumbi ya nazi. Unaweka mguu mmoja juu ya kumbi, unasukuma mbele, unarudisha nyuma, kiuno kinacheza chenyewe. Rafiki yangu Dimple alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na bingwa wa maneno vilevile. Mimi, Jerlyn, kazi yangu ilikuwa kuzoa unga.

Naam, unga. Ukuta wa mashariki ulitoa unga mweupe mwaka nenda mwaka rudi. Ukiupaka rangi Januari, ikifika Juni imebambuka yote. Kuta nyingine tatu zilikuwa ngumu, hazina habari.

Jengo lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na Mam Puring, kiongozi wetu, alinichagua nisome historia yake siku ya sherehe. Historia hiyo nani asiyeijua? Wazazi walinunua saruji, lakini mchanga wa plasta waliuleta wasichana wenyewe, kila mmoja debe moja begani, kutoka mto wa kijiji chake. Nilikuwa nimeiandika kwa mbwembwe, sifa tupu mwanzo hadi mwisho.

"Unaandika historia ya jengo hata hujalionja," Dimple alinitania, akionyesha unga kwenye kizoleo changu. "Ramba uone."

"Ramba wewe."

"Mwoga."

Mimi kuitwa mwoga siwezi. Nikachovya kidole, nikaramba, nikatema hapo hapo. Ilikuwa chumvi tupu.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu, Lola Consing, akifunga suman, ule wali wa nazi, kwenye majani ya mgomba. Wakati jengo linajengwa alikuwa na miaka kumi na mitano, mkuu wa kundi la skauti wa kijiji chetu cha pwani. Nikamsimulia. Mikono yake ikasimama.

"Nani mwingine ameonja?"

"Mimi tu, Lola. Kwani vipi?"

Akasukuma majani kando, akasema yote. Wiki ile mto ulifurika, hakuna wa kuusogelea. Makundi mengine yalikuwa yameshapeleka mchanga wao, naye akaona haya kwenda na madebe matupu. Akawaambia wenzake wachote ufukweni, wafunge midomo. Hawakuuosha hata kidogo. Madebe yao kumi na manane yote yaliishia kwenye plasta ya ukuta wa mashariki.

"Niahidi hutasema, Inday," akanisihi, kwa jina tunalobembelezea wasichana. "Watu wananiheshimu. Nichekwe uzeeni?"

Niliahidi.

Jumamosi iliyofuata Mam Puring aliwaita wazazi ukumbini, pamoja na mwashi Teban, ambaye sote tulimwita Manong, kaka mkubwa. Manong Teban aligonga ukuta mara moja tu, plasta ikadondoka kipande kizima.

"Mam, mimi sikufichi," alisema. "Ukuta mmoja ukiwa hivi, nyingine ziko njiani. Jengo limechoka. Libomoeni kabla halijamwangukia mtoto wa mtu."

"Na sisi twende wapi?" Dimple akauliza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Tutaazima chumba nyuma ya soko," Mam Puring alijibu, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Lola alikuwa nyuma yangu na kikapu chake cha suman. Sikumtazama. Niliinua mkono.

"Ni ukuta huu tu, Manong. Una chumvi. Nyingine nimezionja asubuhi hii, zote tatu, hazina."

Watu waliangua kicheko. Manong Teban hakucheka. Alizunguka ukumbi mzima, akigusa na kuramba, ukuta baada ya ukuta.

"Mtoto kasema kweli," alisema. "Huu ni mchanga wa bahari. Umejuaje wewe?"

Uongo sikuutaka, na ahadi nilikuwa nimeitoa.

"Najua, Manong, ila siwezi kusema."

Kiti kikakwaruza sakafu nyuma yangu.

"Atasemaje na mimi ndiye niliyemziba mdomo?" Lola alisimama, akaeleza mbele ya wote: mto, madebe, ufukwe.

Kisha bibi mmoja wa rika lake akapiga paja. "Consing wewe! Miaka yote hii nawasingizia popo kwamba wanakojolea ukuta!"

Kicheko kilichofuata kilimwondolea Lola mzigo, nilimwona mabega yakishuka. Akatugeukia sisi watoto.

"Niliogopa aibu ya siku moja, nikaibeba miaka hamsini. Mficha maradhi kilio humuumbua, na leo kilio kilikuwa chenu, maana nyumba yenu ilikuwa inabomolewa kwa kimya changu. Mkikosea, wajukuu zangu, semeni wakati kosa lingali kwenye debe. Likishaingia ukutani, kulitoa ni kazi."

Jengo halikubomolewa. Tuliukwangua ukuta ule plasta yote na kuuosha kwa maji matamu siku kadhaa, kisha skauti wote wakaenda mtoni na madebe, kama zamani. Nami historia niliiandika upya, nikautia ufukwe ndani, kwa ruhusa ya Lola mwenyewe.

Siku ya kupiga plasta Manong Teban alikaa mlangoni akionja kila debe. Lola alipanga foleni nyuma ya Dimple, debe begani, na aliyejaribu kumpokea alikaripiwa. Zamu yake ikafika. Manong Teban akachovya kidole, akaramba.

"Safi, Lola. Pita."

Lola hakupita. Alilitua debe miguuni pake.

"Umeonja wa juu," akasema. "Chimba mpaka chini, uonje tena."