Nyanya za Bi Fadhiya Zaoza Kitako

Ko! Ndoo iligonga ukingo wa kisima. Kulikuwa hakujapambazuka bado. Bi Fadhiya alichota maji ya kisima cha uani, akayapandisha juu ya paa kunyweshea nyanya zake.

Alizipanda katika mikebe mikubwa ya rangi. Zilinenepa vizuri, lakini kitako cha kila moja kilikuwa cheusi, kimebonyea.

"Ni jicho," alijiambia.

Kache, jirani yake wa chini, alizisifu nyanya hizo bila kusema mashallah. Baadaye zikaanza kuoza. Bi Fadhiya akafukiza ubani, akautia komeo mlango wa paa. Na ni Kache huyo huyo aliyemuuguza alipokuwa na homa.

Kulipokucha, Kache alipanda hadi mlangoni kwa Bi Fadhiya na sahani ya mbaazi.

"Hodi! Shikamoo, Bi Fadhiya."

"Marahaba," alijibu, uso kando.

"Nimekukosea nini, mamangu? Siku hizi hata salamu wanipimia."

"Ulizitazama nyanya zangu. Haya, zitazame tena!"

Wakapanda, komeo la paa likafunguliwa. Kache alichuma nyanya moja, akaipasua.

"Mdudu hamna. Kwani jicho langu limechagua vitako tu?"

Kicheko kilimponyoka Bi Fadhiya.

Kache alikwangua unga mweupe ukingoni mwa mkebe. "Hebu onja."

"Chumvi!"

"Ni maji ya kisima. Kufulia yafaa, nyanya haiyawezi. Chumvi huzuia mizizi kunywa, basi madini ya chokaa hayafiki kwenye tunda. Hata udongo ukikauka leo ukafurika kesho, kitako huoza vivyo hivyo."

"Na hizi zitapona?"

"Hazitapona. Kata palipooza, pazima tia mchuzini. Toboa mikebe chini, uimwagie maji matamu mengi, yatoke na chumvi. Kisha nywesha kidogo kila siku. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Ufunike kwa majani makavu."

"Maji matamu nanunua kwa mkokoteni, mwanangu."

"Basi ya kuoshea mchele usiyamwage. Nami nitakuwekea yangu."

Kila jioni Kache aliacha ndoo ya maji ya mchele ngazini. Bi Fadhiya alifuata yote aliyoambiwa. Matunda yaliyofuata yaliiva mazima, mekundu mpaka chini.

Aliteremka na bakuli lililojaa.

"Mashallah!" Kache alipaza sauti, mtaa mzima usikie.

Bi Fadhiya alicheka. "Komeo nimeling'oa. Njoo tena kesho, mwanangu. Uje uzitazame."